Poti ya muziki, chupi za mazoezi na wiki tisa za kupiga deki

Poti ya muziki, yaani ile ya kumfundishia mtoto kuacha nepi, inayopiga wimbo akikojoa, naipa nyota mbili kati ya tano. Ya kwanza ni ya urefu wake, maana aliyeupima lazima aliwahi kumwona mtoto akichuchumaa. Ya pili ni ya kikombe cha ndani, kinachochomoka kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umemshika mtoto asikanyage alichofanya. Chupi za mazoezi, zile tano zilizokuja kwenye boksi moja na poti, nazipa tatu kwa huruma. Kiti kidogo cha kuweka juu ya choo cha wakubwa kinapata nne na sina maneno mengi nacho. Nyota tano nimeziweka kando kwa kitu ambacho hakikuwa ndani ya boksi, wala sikukinunua kwa kazi hii.

Kwanza mjue nani anaandika. Kwetu mfuaji wa nepi ni mimi. Tulipatana na mke wangu kabla mtoto hajazaliwa: yeye atanyonyesha, kazi ambayo hata ningetaka nisingeiweza; mimi nitafua, kazi ambayo sina kisingizio cha kuikimbia. Nimefua miaka miwili na miezi miwili. Nepi 24 za kitambaa, kila baada ya siku moja: kinyesi chooni, suuza kwa maji baridi, fua kwa maji ya moto, anika juani. Dawa ya kulainisha nguo sikuigusa, kwa sababu inaacha utando kwenye nyuzi na nepi inaanza kutema maji badala ya kuyanywa. Madoa niliyaachia jua. Kwa hiyo boksi lilipodai kwamba mtoto wa nepi za kitambaa anaizoea poti ndani ya siku tatu, nilijiona kama mtu aliyekwisha kuvuka mto, kimebaki kukamua suruali.

Ilituchukua wiki tisa.

Dai lenyewe halikuokotwa njiani. Ndani ya pampasi kuna chembechembe ambazo zikikutana na mkojo zinaunywa na kugeuka kama jeli, mtoto anaendelea kucheza pakavu kana kwamba hakuna kilichotokea. Kitambaa hakifichi siri. Mtoto anahisi ule msukumo tumboni, mara anahisi majimaji ya moto, mara yanapoa, na baada ya siku nyingi kichwa chake kinayaunganisha hayo matatu. Siku unapomletea poti, nusu ya somo anayo tayari. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na bado naamini ni kweli.

Ila nepi zangu hazikuwa kitambaa cha namna hiyo. Zilikuwa zile za mfuko: nje kava isiyopitisha maji, ndani pedi ya kunyonya, na kati ya pedi na ngozi kuna tabaka la flisi, laini, linaloupitisha mkojo kwenda chini na lenyewe kubaki kavu. Nilizichagua kwa sababu hiyo hiyo, mtoto asiungue mapajani. Na kweli hakuungua. Miaka miwili yote nilikuwa nafua pampasi, basi tu sikujua.

Aliyeligundua ni mama mkwe. Alikuja kututembelea wiki ya pili, wakati ule nimeanza kuitolea poti maneno yasiyosemwa mbele ya mtoto. Akampakata mjukuu wake, akapenyeza vidole ndani ya nepi, akavitoa, akavitazama.

"Mwanangu, hii imelowa au haijalowa?"

"Imelowa, mama. Ina kama saa nzima."

"Mbona vidole vyangu vikavu?"

Nikamweleza habari za flisi, na nakiri nilieleza kwa madaha kidogo, kama fundi anayesifia kazi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi kama mimi mtu mzima sijui, yeye atajuaje?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kuanua nguo.

Hapo ndipo zinapoingia zile nyota tano. Tulikuwa na vitambaa tisa vya pamba, mraba, visivyo na tabaka wala kifungo wala kava, ambavyo tangu binti azaliwe kazi yake ilikuwa kuwekwa begani akicheulia. Nikakikunja kimoja pembetatu, nikakifunga kwa pini kubwa, nikamwacha atembee nacho ndani bila kitu cha juu. Siku ya kwanza nilipiga deki mara saba. Siku ya pili alikuwa amesimama mlangoni na soksi zake, mkojo ukatiririka mguu wa kushoto mpaka ndani ya soksi. Akainua mguu, akautazama. Akaukanyaga chini, soksi ikalia chwap. Akauinua tena. Kisha akatazama juu, kwenye dari, akitafuta panapovuja.

"Mvua," akasema.

Nikamwambia si mvua mama, ni wewe. Akanitazama kwa mashaka makubwa. Lakini kuanzia siku hiyo alianza kusimama kabla ya kukojoa, ule msimamo wa mtu aliyekumbuka jambo, na mzazi akishauona msimamo huo anapata nafasi ya kutimua mbio na poti mkononi. Sekunde tatu, labda nne. Zinatosha.

Sitaki nieleweke kwamba kava na flisi ni vitu vibaya. Babu wa hizi kava zetu ni pazia la bafu: Marion Donovan, mama wa Kimarekani aliyechoshwa na mashuka yaliyolowa, alilikata la kwake akashona kava, na mwaka 1949 ikaanza kuuzwa katika duka la Saks Fifth Avenue, New York. Mfuaji yeyote anamwia deni. Ila tazama alichokuwa anakilinda: shuka. Na flisi inalinda ngozi, na jeli ya pampasi inalinda usingizi wa wazazi. Kila kilichobuniwa kimebuniwa ili ubichi usimfikie mtu, halafu siku moja tunamgeukia mtoto na kumuuliza mbona hujui kama umelowa.

Sasa poti. Chini ya kikombe kuna vidoa viwili vya chuma. Mkojo una chumvi, kwa hiyo ukivifikia vyote viwili umeme kidogo wa betri unapata njia ya kupita na wimbo unaanza. Aliyebuni alifikiri ni zawadi: mtoto anakojoa, anapigiwa muziki, kesho anarudi. Mara ya kwanza binti yangu alipofanikiwa, sauti ililipuka chini ya makalio yake naye bado hajamaliza. Alisimama kama aliyeumwa na siafu, kilichobaki akakimalizia sakafuni huku analia, na kwa siku nne hakutaka hata kupita karibu na kile kitu. Hebu fikirini ingekuwa ninyi.

Alipoizoea, akaizoea kupita kiasi. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya poti na kikombe chake cha maji ya kunywa, anamimina tone moja, anasikiliza, anamimina jingine. Wimbo ukaanza. Akapiga makofi, akaukumbusha mwili kucheza, akamwaga maji, akaanza upya. Ndani ya dakika kumi alikuwa ameelewa kihisi kile, yaani vile vidoa vinavyowasha wimbo, kuliko mimi niliyesoma maelekezo. Kuanzia hapo, kama muziki unapatikana kwa maji ya kikombe, ya nini kuhangaika kukojoa?

Halafu kuna usiku ule. Mkojo ukikauka juu ya vile vidoa unaacha ukoko mweupe, na ukoko ukipata unyevunyevu kidogo unafanya kazi ya mkojo. Saa tisa usiku, nyumba kimya, wimbo. Mke wangu akakaa kitandani: "Nani yuko chooni?" Hakuna aliyekuwa chooni. Nilikwenda nikaifuta, ikanyamaza, nikarudi kulala, ikaanza tena. Wiki ya nne nilichukua bisibisi nikafungua kifuniko cha betri, nikazitoa zote tatu. Bila muziki imekuwa poti nzuri kuliko ilivyokuwa dukani.

Nzuri, si kamilifu. Kwa kuwa imeundwa vipande viwili, kati ya kikombe na mwili wake kuna mwanya, na mkojo unaurukia mwanya huo kila mtoto anaposogea. Harufu inayotoka humo naifahamu, ni ile ile ya nepi iliyosahaulika kwenye ndoo siku mbili. Inabidi uigeuze juu chini na kuisuuza yote, kila siku, la sivyo itakutangaza kwa wageni. Pia ni nyepesi mno. Mtoto akisimama kwa haraka inaganda kwenye mapaja na kuinuka naye, halafu inaanguka, na mnajua kilichomo. Kile kikinga cha mbele kinachobandikwa kwa ajili ya wavulana tulikitoa siku ya kwanza baada ya kumkwaruza pajani. Kama ningenunua leo ningetafuta poti ya plastiki ya kipande kimoja, nzito, pana chini, kinga yake ya mbele imeumbwa pamoja na mwili wake. Isiyo na betri wala macho wala masikio ya sungura.

Kuhusu urefu nimekwisha kuisifu na narudia, kwa sababu ni jambo ambalo wengi hawalitazami dukani. Mtoto akiketi, nyayo zote ziguse chini na magoti yapande juu kidogo ya nyonga. Hapo njia inanyooka na kusukuma kunakuwa rahisi. Kile kiti kidogo cha juu ya choo kimekosa nyota ya tano kwa sababu hiyo tu: miguu inaning'inia. Tukaweka kigoda chini ya nyayo, mambo yakaisha.

Haja kubwa ilikuwa kesi nyingine kabisa. Mkojo alikuwa ameuelewa wiki ya tano, lakini likija lile jingine alikuwa anaomba nepi. Anasema wazi, "Nepi," anavishwa, anakwenda nyuma ya pazia, anakunja ngumi, uso unaiva, anamaliza, anarudi. Mwenye pazia lake na utaratibu wake. Mimi kwa ujuaji nikaona huu ni mchezo, nikamnyima nepi. Akabana. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne alitoa kitu kigumu kama jiwe huku analia na kunishika shingo, na nilijuta mbele ya Mungu.

Daktari alinieleza ambacho boksi halikuandika. Kinyesi kikikaa, utumbo mpana unaendelea kunyonya maji yake, kinazidi kuwa kikavu na kikubwa, kikitoka kinauma, na mtoto aliyeumizwa mara moja anabana zaidi mara ya pili. Ni mduara. Akasema maji ya kunywa kwa wingi, vyakula vyenye nyuzinyuzi, na mrudishie nepi yake bila masharti. Akasema pia tumketishe kidogo baada ya kula, dakika chache tu, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo nao unaamka kusukuma cha zamani. Hilo la mwisho mke wangu alikuwa amenieleza zamani, na alinikumbusha kwamba alinieleza.

Tukaanza upya, polepole. Kwanza nepi anavaa, lakini pazia limehamia bafuni: jifiche huko. Siku tatu hivi. Kisha nepi anavaa na anakaa juu ya poti nayo, imefungwa vile vile. Kisha imefunguliwa vifungo. Kisha, na hapa ndipo mfuaji alipojiona ana akili, nikatandika kimoja cha vile vitambaa tisa ndani ya kikombe cha poti, kingo zake zikining'inia nje, ili akikaa makalio yaguse pamba anayoijua na si plastiki baridi. Alikishika kwanza kwa vidole viwili, akakisugua, kama mtu anayechagua kitambaa cha mshono. Akakaa. Akanifukuza. Nilisimama nje ya mlango na sikuvuta pumzi mpaka nilipoitwa.

Kila siku nilikikunja kidogo zaidi. Kitambaa kizima, nusu, robo, mpaka kikawa kama leso katikati ya kikombe. Asubuhi moja nilisahau kukiweka kabisa na hakukiuliza. Kufua kitambaa hicho kilikuwa kero, sikatai, lakini nilishafua vibaya kuliko hivyo.

Chupi za mazoezi sasa. Ni chupi zenye tabaka nene katikati, zinazoahidi kuzuia ajali ndogo. Zinazuia kweli, na hilo ndilo kosa lake: ni nene kama nepi, mtoto anaihisi kama nepi, anaitumia kama nepi. Nyumbani tuliziacha, tukamvalisha chupi nyembamba za kawaida au hakuvaa kitu. Tulizibakiza za kutokea, maana ajali ndani ya gari la watu ni aibu na ile chupi inakupa muda wa kushuka. Zangu hazina vifungo pembeni. Mtoto akizifanyia haja kubwa inabidi uzivute chini kupitia mapaja, magoti, vifundo vya miguu, na kila unapopita unaacha kumbukumbu. Chagueni zenye vifungo vya kubonyeza ubavuni. Lastiki ya kiunoni nayo ilikuwa ngumu mno kwa vidole vya mtoto. Alikuwa anaingiza dole gumba, lastiki inalirudisha, anajaribu tena, na wakati anajaribu muda unakwisha. Nilimnunulia saizi ya juu yake na tatizo likaondoka. Na kukauka? Kitambaa cha mraba kikianikwa asubuhi mchana unakikunja. Chupi hizi zinalala kambani.

Lile karatasi la maelekezo la siku tatu nililichana, baada ya kusoma kwingine. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha taarifa ya watoto 1,170 ambao wazazi wao walishauriwa kumfuata mtoto badala ya kumburuta, na wastani wa kukauka mchana ulikuwa miezi 28 na nusu. Binti yangu tulimwanza na miezi 26. Hesabu ikaniingia akilini, presha ikashuka. Baadaye daktari huyo huyo alikuja kuwa mshauri wa kampuni inayotengeneza Pampers, na sisi tunaofua kwa mikono tunaruhusiwa kutabasamu kidogo, lakini namba zake zimenisaidia na sina kinyongo.

Usiku bado anavaa nepi, ile ile ya flisi, na usiku flisi ina haki yake. Kukauka usiku hakufundishwi na poti. Ni mpaka mwili ujue kupunguza mkojo mtu akiwa amelala, au kumwamsha kibofu kikijaa, na madaktari hawakuiti kukojoa kitandani tatizo kabla ya miaka mitano. Nepi sita zinatosha kwa kazi hiyo ya usiku. Nyingine lastiki zimelegea, pedi zake nimezifanya matambara ya kufutia vioo, zinang'arisha ajabu. Vile vitambaa tisa havigusi mtu.

Poti ipo. Ni ya rangi ya kijani, imesafishwa, haina harufu, kihisi kinafanya kazi. Mwenye moyo wa kuitaka aichukue bure, ila skrubu ya kifuniko cha betri imepotea na mimi sitaitafuta.